Askari Aliyebaki Nyumbani: Kwa Nini Barua Zake kwa Chuo Zinasema Mengi Kuliko za Mstari wa Mbele

Vyuo kadhaa vya Marekani vimeweka mtandaoni barua vilizoandikiwa na wanafunzi wao waliokuwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kila picha za bahasha hizo zinaposambaa, maswali huwa yale yale. Mbona muhuri wa posta ni wa Georgia au Alabama, si wa Ufaransa? Mbona pembeni hakuna stempu? Na kijana aliyeitwa kwenda kupigana na Hitla alikuwa na habari gani ya kumwandikia mkutubi wa chuo?

Kwetu mkanganyiko huu unaeleweka. Ukimtaja askari wa vita vile Afrika Mashariki, anayekuja akilini ni askari wa Keya: babu aliyechukuliwa kijijini, akapandishwa meli, akapigana Burma, na kama Mungu alimjalia, akarudi. Kwetu askari na safari havitengani. Kwa Marekani hesabu ilikuwa tofauti, na asiyeijua hesabu hiyo atazisoma barua hizi vibaya.

Tuanze na maana. Ninaposema askari aliyebaki nyumbani, namaanisha mtu aliyekula kiapo, aliyevaa sare, anayeamka kwa tarumbeta na kumpigia saluti afande wake, ila yuko ndani ya mipaka ya Marekani: kambini, kwenye uwanja wa ndege za kivita, bandarini, hospitalini au katika shule ya jeshi. Si mgambo, wala si raia wa kiwandani. Na ninaposema chuo chake cha zamani, namaanisha pale aliposoma kabla ya kuvaa sare, awe alihitimu au aliitwa akiwa mwaka wa pili. Wengi waliitwa kabla hawajamaliza. Kwa hiyo mara nyingi anayeandika hakumbuki tu mahali alipopita. Anakiandikia chuo ambacho bado ana shughuli nacho.

Sasa hesabu. Watu takriban milioni 16 walitumikia katika majeshi ya Marekani wakati wa vita hivyo. Katika kila 100, karibu 73 walipelekwa nje ya nchi, maana yake zaidi ya robo hawakuvuka bahari kabisa. Lakini kuna takwimu nyingine muhimu zaidi: kwa wastani mwanajeshi alitumikia miezi 33, na muda wa kukaa nje ulikuwa wastani wa miezi 16. Kwa maneno mengine, hata aliyefika Normandy huko Ufaransa au Okinawa huko Japani alikuwa kwanza askari wa nyumbani kwa muda mrefu. Karibu nusu ya maisha ya jeshini yalipita kwenye vumbi la Texas, matope ya Louisiana na misitu ya misonobari ya Georgia.

Sababu ni kwamba Marekani ilianza karibu na sifuri. Katikati ya mwaka 1940 jeshi lake la nchi kavu lilikuwa na watu kama 270,000 tu. Kufikia 1945 lilikuwa limevuka milioni 8. Sheria ya kuwaita vijana jeshini ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1940, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Japani kuishambulia Pearl Harbor. Huwezi kuwachukua mamilioni ya makarani, wakulima na wanafunzi wa ualimu ukawapeleka vitani mwezi unaofuata. Kuruta alipokelewa kwenye kituo kama Fort Dix huko New Jersey, akapimwa, akachanjwa, akapewa sare, kisha akapelekwa depo kwa wiki 13, ambazo baadaye ziliongezwa hadi 17. Huko alifundishwa kwata, bunduki, ramani na kutembea umbali mrefu na mzigo mgongoni. Baada ya hapo angeweza kwenda shule ya redio, ya ufundi wa ndege, ya udaktari wa dharura, au kwenye kikosi kipya ambacho nacho kilihitaji miezi ya mazoezi ya pamoja. Anayetaka kuwa rubani alihama uwanja kwa kila hatua ya mafunzo.

Kuna wanaodhani kubaki nyumbani kulikuwa kujificha. Hapana. Mahali pa kwenda palichaguliwa na jeshi. Tena nyumbani watu walikufa. Ajali za ndege za jeshi ndani ya Marekani peke yake ziliua karibu watu 15,000 katika miaka ya vita. Tarehe 17 Julai 1944, huko Port Chicago, California, shehena ya mabomu ililipuka wakati wa kupakiwa melini, ikaua watu 320. Kati yao 202 walikuwa Wamarekani weusi, waliopewa kazi ya kubeba mabomu bila mafunzo ya kutosha. Hao walikuwa ndani ya nchi yao, maelfu ya kilomita kutoka kwa adui.

Na kwa Wamarekani weusi kubaki nyumbani kulikuwa na sura nyingine. Jeshi lilitenganisha watu kwa rangi, na makamanda wengi wa nje hawakutaka vikosi vya weusi. Angalia marubani wa Tuskegee, Alabama. Darasa la kwanza lilihitimu tarehe 7 Machi 1942, marubani watano. Kikosi chao, cha 99, hakikupelekwa Afrika Kaskazini hadi Aprili 1943. Zaidi ya mwaka mzima marubani kamili walikaa wakirusha ndege juu ya mashamba ya pamba wakisubiri amri, wakati magazeti yanalia kwamba marubani hawatoshi. Uwanja wao ulikuwa jirani na Taasisi ya Tuskegee, chuo alichokianzisha Booker T. Washington, na baadhi ya vijana walikuwa wameonja urubani kwa mara ya kwanza chuoni hapo hapo. Kwa hao, kuwasiliana na chuo hakukuhitaji hata posta.

Bahasha isiyo na stempu

Tuje kwenye ile bahasha. Kuanzia Aprili 1942 sheria iliwaruhusu wanajeshi wa Marekani kutuma barua za kawaida bure. Askari aliandika kwa mkono wake neno Free pale stempu inapobandikwa, na kwenye kona nyingine akaandika jina, cheo na kikosi chake. Basi. Ruhusa hii haikuwa ya walio nje tu. Aliye Alabama aliitumia sawa na aliye Italia. Ndiyo maana bahasha isiyo na stempu, yenye maandishi ya kalamu kwenye kona, si ya kughushi na wala haikusafiri kwa upendeleo wa mtu.

Ruhusa ilikuwa ya upande mmoja. Chuo kilipojibu kililipa senti 3 kwa barua, kama raia mwingine yeyote. Vifurushi navyo vililipiwa. Ukizidisha senti hizo kwa mamia ya wanafunzi, kila mwezi, kwa miaka mitatu au minne, unaona kwamba chuo kidogo kilichoendelea kuandika kilikuwa kimeamua kutoa kitu.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni ukaguzi. Karibu kila mtu ameona picha ya barua ya vita iliyokatwakatwa kwa wembe, na wengi wanadhani barua zote za askari zilipita mikononi mwa mkaguzi. Sivyo. Ofisi ya Udhibiti iliyoundwa Desemba 1941, chini ya Byron Price, ilishughulika na mawasiliano yanayovuka mpaka wa nchi. Jeshi nalo lilikagua barua za askari walioko nje, na aliyezisoma kwa kawaida alikuwa ofisa wa kikosi chenyewe. Fikiria hilo: luteni anayekupa amri asubuhi ndiye anayesoma jioni ulichomwambia mchumba wako. Barua zilizosafiri kutoka mji mmoja wa Marekani hadi mwingine, kwa kawaida, hazikufunguliwa.

Hapa ndipo penye thamani ya barua hizi, na ndiyo hoja ninayotaka msomaji aishike. Tumezoea kuamini kwamba barua ya mstari wa mbele ndiyo yenye ukweli wa vita, kwa kuwa mwandishi yuko karibu na risasi. Lakini huyo hakuruhusiwa kusema yuko wapi, anafanya nini, kikosi kina watu wangapi wala wanakwenda wapi. Aliandika kwamba yupo mahali fulani Uingereza, mvua inanyesha, anamsalimia kila mtu. Mwenzake wa nyumbani aliweza kutaja kambi kwa jina, akaeleza ratiba ya siku nzima, chakula cha mesi, koplo mkali, basi la kwenda mjini, jinsi watu weupe na weusi walivyotenganishwa ndani ya basi hilo. Anayetaka kujua jeshi la raia lilivyojengwa siku kwa siku, akachimbe kwenye barua za ndani ya nchi.

Ilikuwepo mipaka, bila shaka. Askari walionywa kutozungumzia safari za vikosi na meli. Na palikuwa na mahali ambapo ndani ya nchi kulifanywa kama nje. Huko Los Alamos, New Mexico, penye mradi wa bomu la atomiki, barua zilikaguliwa na anwani ilikuwa moja tu kwa wote: Sanduku la Posta 1663, Santa Fe. Kikosi maalumu cha wahandisi kilichofanya kazi pale kilijaa vijana waliotolewa vyuoni, wanafunzi wa fizikia, kemia na ufundi. Profesa wa zamani wa kijana kama huyo alimjua kwa namba ya sanduku tu, hadi Agosti 1945.

Kingine cha kusawazisha ni ile barua ndogo ya kupigwa picha, iliyoitwa V-mail. Ilianza Juni 1942. Barua ilipigwa picha kwenye filamu ndogo, filamu ikasafirishwa kwa ndege, kisha ikachapishwa upya upande wa pili, ili kuokoa uzito na nafasi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuvuka bahari. Ukiona V-mail, jua mmoja wa wanaoandikiana yuko ng'ambo.

Kwa nini chuo, si mama tu

Kwa mama aliandika, na kwa mchumba pia. Lakini chuo kiliweza kufanya kitu ambacho mama hakuweza, nacho ni kuwaunganisha marafiki waliotawanyika.

Askari wa nyumbani alihama mno. Kituo cha kupokelewa, depo, shule, kikosi, mazoezi ya pamoja, kikosi kingine. Kila kuhama kulibadilisha anwani. Chukua marafiki watano wa darasa moja, kila mmoja akihama kila baada ya miezi michache: baada ya mwaka hakuna anayejua mwenzake yuko wapi, na barua walizoandikiana zinazunguka kutoka kambi hadi kambi. Katika koo nyingi yupo shangazi mmoja ambaye kila anayehama humpigia simu. Ukimpoteza binamu yako humtafuti binamu, unamtafuta shangazi. Chuo kilikuwa shangazi huyo.

Mfano ninaoupenda ni wa chuo cha ualimu cha jimbo kilichokuwa Newark, New Jersey. Mkutubi wake, Nancy Thompson, aliwaandikia wanafunzi waliokuwa jeshini, wavulana na wasichana, nao wakamjibu. Kutokana na majibu yao alichota habari, akazipanga kuwa kijarida, kikadurufiwa na kutumwa kwao wote. Kijana aliye Florida akasoma kwamba mwenzake wa meza moja ya maktaba sasa yuko Texas, tena yuko hivi na vile. Kisha naye akaandika. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Kean, kimehamia mji wa Union, na maktaba yake inaitwa kwa jina la mkutubi huyo. Mamia ya barua alizopokea zimehifadhiwa.

Nimesema wasichana, na si kwa kuremba. Mwaka 1942 jeshi la nchi kavu na la majini yote yalifungua vikosi vya wanawake, na vyuo vya ualimu, vilivyojaa wasichana, viliwatoa wengi. Wa jeshi la nchi kavu walianzia Fort Des Moines, Iowa. Jeshi la majini lilitumia vyuo: maofisa wanawake walifundishwa Smith College huko Massachusetts, na wa vyeo vya chini kwenye majengo ya Hunter College, Bronx. Wengi wao walitumikia vita vyote ndani ya nchi.

Huko Providence, Rhode Island, wanafunzi wa Bryant College nao walianzisha klabu ya kuwahudumia waliokwenda jeshini, wakawatumia vifurushi, na barua za shukrani zikarudi kwa wingi.

Lakini nisiwachore askari hawa kana kwamba waliandika kwa hamu ya nyumbani pekee. Palikuwa na makaratasi. Aliyetaka kwenda shule ya maofisa au kwenye mafunzo maalumu alitaka nakala ya matokeo yake na barua ya mwalimu. Hadi Januari 1942 mwombaji wa urubani katika jeshi la anga alitakiwa kuwa na miaka miwili ya chuo. Baadaye sharti hilo liliondolewa, ukawekwa mtihani. Na hapa kuna dhana nyingine isiyo sahihi: kwamba aliyesoma chuo alikuwa ofisa moja kwa moja. La. Wengi walikaa miezi na miaka kwenye cheo cha chini kabisa, wakilipwa dola 50 kwa mwezi, na hizo dola 50 zenyewe zilipatikana baada ya sheria ya Juni 1942. Waliotangulia walianza na dola 21.

Wengine waliendelea kusoma wakiwa kambini. Taasisi ya masomo ya jeshi ilifunguliwa Madison, Wisconsin, mwaka 1942, ikatoa masomo kwa njia ya posta. Askari alimaliza zamu, akala, akakaa kitandani na kitabu cha aljebra. Kisha akakiandikia chuo chake kuuliza: je, somo hili mtalihesabu nikirudi?

Chuo chenyewe kilipovaa sare

Kwa wakati huo huo vyuo vilikuwa vinakauka. Wavulana wameondoka, ada hazilipwi, mabweni ni matupu. Jeshi likaingia humo. Mpango wa jeshi la nchi kavu wa mafunzo maalumu, uliotangazwa Desemba 1942, uliwapeleka askari katika vyuo 227 kusoma uhandisi, udaktari na lugha. Jeshi la majini likaanza wake, ulioitwa V-12, tarehe 1 Julai 1943, katika vyuo 131. Ndipo ikawezekana hali ya ajabu: askari ambaye chuo chake kiko New Jersey anasoma, akiwa na sare, kwenye chuo kingine cha mbali, analala bweni la wanafunzi na kupiga gwaride kwenye uwanja wa mpira, na bado anakiandikia chuo chake cha zamani kama aliye kambini. Kwenye barua za mwaka 1943 usishangae ukiona anwani ya chuo pande zote mbili za bahasha.

Wengi wa askari hao wa vyuoni waliamini wameponea kupelekwa vitani. Februari 1944 jeshi la nchi kavu likatangaza kuwatoa vyuoni takriban 110,000 wa mpango wake, kwa kuwa uvamizi wa Ulaya ulikuwa unakuja na askari wa miguu walikuwa wachache. Divisheni ya 106 ilipokea wengi wa vijana hao. Desemba mwaka huo ilikuwa katika misitu ya Ardennes, mpakani mwa Ubelgiji na Ujerumani, pale Wajerumani waliposhambulia kwa nguvu zao zote, na maelfu ya askari wake wakatekwa. Ukisoma barua za kijana mmoja kwa mfululizo, mabadiliko haya yanakuja ghafla: mwezi huu analalamikia mtihani wa hesabu, mwezi unaofuata yuko kwenye mahema ya kikosi cha miguu.

Basi bahasha yenyewe inaweza kukueleza mengi kabla hujafungua karatasi. Neno Free na jina la kambi na jimbo: yuko ndani ya nchi. Kambi kama Kilmer, New Jersey: hapo ni mlangoni pa kuondokea, na kuanzia hapo kalamu inafungwa, ukaguzi unaanza. Anwani ikibadilika kuwa APO, yaani posta ya jeshi, na namba, kupitia Posta Kuu ya New York, ameelekea Atlantiki. Ikipitia San Francisco, ameelekea Pasifiki. Wakutubi na makarani wa vyuo walijifunza kusoma alama hizi. Walijua kijana ameondoka kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kusema.

Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt alitia saini sheria iliyowapa waliotumikia haki ya kulipiwa masomo: hadi dola 500 za ada kwa mwaka, na dola 50 kwa mwezi za kujikimu kwa asiye na familia. Kuanzia hapo barua kwa vyuo zinabadilika. Maswali yanakuwa ya msajili: nafasi zipo, nyumba za waliooa zipo, masomo yangu ya jeshini yatahesabiwa vipi? Aliyehudumu ndani ya nchi alistahili sawa na aliyepigana ng'ambo. Mwaka 1947 karibu nusu ya waliokuwa vyuoni Marekani walikuwa wametoka jeshini.

Kwa anayetafuta habari za mtu wa ukoo wake aliyekuwa jeshini Marekani wakati ule, barua hizi zina kazi nyingine leo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Missouri, ukateketeza mafaili milioni 16 hadi 18. Kwa walioondoka jeshi la nchi kavu kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, karibu asilimia 80 ya mafaili yalipotea. Aliyebaki nyumbani ndiye wa kwanza kusahaulika, kwa sababu hana picha kwenye ufukwe wa Normandy wala jina kwenye historia ya mapigano. Ukiambiwa faili limeungua, uliza alisoma wapi, kisha wasiliana na maktaba ya chuo hicho: omba faili la mwanafunzi, jarida la waliohitimu la miaka ya 1942 hadi 1946, na masanduku ya barua za wakati wa vita. Uwe tayari kupata upande mmoja tu. Alichokiandikia chuo mara nyingi kipo. Alichojibiwa alitembea nacho mfukoni kutoka kambi hadi kambi, na majibu mengi hayakufika mwisho wa safari.